Jina letu kwenye kitabu ni muzuri, lakini swali ni la nani?



Kitabu hiki nilikipata kwa WhatsApp, kwa rafiki mmoja wa Bukavu. Nilikisoma kwenye telefone usiku tatu, hapa Manika, umeme ukienda na kurudi. Kinaitwa Bukavu Series. Kilitoka 2020 kwa Presses universitaires de Louvain, kule Ubelgiji, na walioongoza kazi ni Aymar Nyenyezi Bisoka, An Ansoms, Koen Vlassenroot, Emery Mudinga na Godefroid Muzalia. Mle ndani maasistanti wa utafiti, wale vijana wetu wanaotembea na karatasi za maulizo kwa ajili ya watafiti wa inje, safari hii wanaandika wenyewe. Michoro ni ya Tembo Kash. Inachekesha, kisha inauma.

Kitabu kinasema nini? Kinasema asistanti njo anajua njia, njo anaongea na mkubwa wa kijiji, njo anaogopa mtu mwenye silaha kwenye barrière. Kisha mtafiti anapanda ndege, andiko linatoka, jina la asistanti haliko. Shida ya usalama ikimkuta baadaye, iko juu yake. Na yeye njo anabaki na watu waliomsimulia maumivu yao. Wanakutana naye sokoni, wanamuuliza: ile musaada mulisema, ilifika wapi? Hayo yote ni kweli, na kabla ya kitabu hiki yalikuwa maneno ya kusemea kwenye bia. Kuyaweka kwenye karatasi, na kukubali kwamba hata watafiti wazuri wamo ndani ya kosa, kulihitaji moyo.

Mi nilisoma kilimo, si sosiolojia. Lakini nilijiona humo.

Miaka michache iliyopita, nikiwa na lisansi mkononi na bila kazi, nilichukuliwa kuwa anketeri katika utafiti mmoja wa watu wa inje juu ya mashamba yaliyo karibu na machimbo. Malipo yalikuwa kwa karatasi: karatasi moja iliyojazwa, bei moja. Karatasi yangu ilikuwa inauliza shamba ni kubwa namna gani, mahindi magunia mangapi, na kama udongo umebadilika. Kando ya mto Musonoi mama mmoja alinijibu yote kwa uvumilivu. Nilipofunga daftari akaniambia: «Mutoto yangu, mbona hamuulizake nani aliuzisha shamba?»

Lile shamba alilima yeye tangu siku ya ndoa. Bwana na ndugu zake waliliuza kwa wachimbaji siku ambayo mama alikuwa ameenda soko. Aliporudi akakuta watu wameanza kuchimba katikati ya mihogo yake. Niliandika hayo pembeni ya karatasi. Kesho yake mwingine akanipa habari ya namna ile ile. Kufikia wiki ya pili nilikuwa na mama saba. Nikamuomba msimamizi tuongeze swali moja tu: shamba likiuzwa, ndani ya nyumba nani anakata neno, na makuta yanabaki kwa nani? Akanijibu kwa upole kwamba maulizo yalikwisha kukubaliwa kule, haiwezekani kubadilisha. Karatasi zikapakiwa, zikaenda. Ripoti ilipotoka iliongea juu ya udongo, na iliongea vizuri. Wale mama saba hawamo.

Hapo njo ninaachana kidogo na kitabu. Nguvu yake kubwa iko kwenye kuonekana: jina letu lionekane, kazi yetu itambuliwe, tuheshimiwe. Ninakubali, ingawa wako wenzetu, zaidi kule Kivu, ambao jina lao likionekana linaweza kuwaletea kifo, na kwao kufichwa ni ulinzi. Lakini jiulize: kama jina langu lingekuwa juu ya ile ripoti, kwa herufi kubwa, mama saba wangeingia? Hapana. Jina linawekwa mwisho wa kazi. Swali linawekwa mwanzo, na mwanzo unakaa kwa mwenye kulipa.

Siye watu wa Kolwezi hatuhitaji kufundishwa hili. Mchimbaji anauza kwa kilo, na kiwango cha cobalt ndani ya jiwe lake kinapimwa na mashini ya mnunuzi. Viwanda vya hapa vinaifikisha hatua ya katikati tu, kisha sehemu kubwa inaenda kusafishwa China. Mwezi wa pili 2025 serikali ilisimamisha kuitoa inje, na mwezi wa kumi ikaweka kiasi maalum kwa kila kampuni. Kwa habari za watu wetu hakuna anayepima kitu, zinatoka ghafi kila siku. Sisemi tufunge mpaka. Mtafiti wa inje akaribishwe. Ninasema paka hivi: hata kwenye akili, siye tunauza kwa kilo.

Kwamba inaweza kuwa namna ingine, tuna mfano hapa hapa. Mwaka 2018 jarida Nature Sustainability lilitoa utafiti juu ya Kasulo, ule mtaa wetu ambamo watu walichimba mpaka uani na ndani ya nyumba. Ulionyesha kwamba watu wa Kasulo, zaidi sana watoto, wana cobalt nyingi katika mkojo na damu kuliko watu wa mtaa wa mbali na machimbo. Mwandishi wa kwanza ni Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, akishirikiana na wenzake wa KU Leuven. Lakini yeye ni profeseri, ana kazi na ana washirika wa miaka mingi. Kijana wa lisansi anayekaa Kanina au Kapata ataanzia wapi?

Wengine walijibu swali hilo zamani. Kule Marekani, tangu 1988, iko bursi inayoitwa leo Mellon Mays. Jina la pili ni la Benjamin Mays, aliyeongoza Morehouse College na kumlea Martin Luther King kimawazo. Ilianzishwa ju weusi na wengine waliobaguliwa walikuwa wachache mno kati ya maprofeseri. Mwanafunzi anachukuliwa akiwa bado kwenye masomo ya kwanza. Anapewa posho, anapewa mwalimu wa kumfuata karibu, naye anafanya utafiti wake mwenyewe. Baadaye bursi hiyo ilivuka bahari mpaka vyuo vikuu vya Cape Town, Witwatersrand na Western Cape. Afrika Kusini si mbali. Malori yetu ya shaba yanafika Durban, lakini mpango wa namna ile haujapanda barabara ile ile kurudi huku.

Angalia kwamba bursi ile haianzi na kumshukuru mtu kwenye ukurasa wa mwisho. Inamlipa kijana afikiri. Hicho njo kitu ambacho ningependa Bukavu Series ikidai kwa sauti kubwa zaidi: si tu malipo bora ya asistanti, bali asistanti kuacha kuwa asistanti. Mwaka mmoja, posho ya mwezi, njia ya kufika kijijini, mwalimu wa hapa, swali la mwanafunzi mwenyewe, na nakala ya kazi kubaki UNIKOL ili wanaokuja nyuma waisome.

Tena tusijifiche nyuma ya mzungu. Nyumbani pia kuna wakubwa wanaotuma mwanafunzi jua kali kisha wanaweka jina lao mbele. Kuna siye wenyewe, tunaochagua kichwa cha memware kwa kunakili cha mwaka uliopita ju ni rahisi na hakigharimu. Mtu asiyelipwa kuuliza, polepole anasahau kuuliza.

Mtasema: makuta yatoke wapi? Sheria ya mines ya 2018 inalazimisha kila kampuni inayochimba kutoa angalau 0.3% ya mauzo yake kwa maendeleo ya watu wanaoizunguka. Watu hao wana haki ya kusema wanataka nini. Shule na visima viendelee, lakini bursi tano za wanafunzi kwa mwaka hazitaua mtu. Hatari ninaiona: kampuni ikilipa, nani atathubutu kuuliza juu ya kampuni? Kwa hiyo makuta yapite kwa kamati ambayo kampuni haina kiti, na mada zichaguliwe bila yeye kuziona. Bila ukuta huo, heri tubaki masikini.

Kitabu kisomeni. Kimefungua mlango ambao wakubwa wetu hawakuufungua. Lakini msikisome kama watu wanaoomba tu kutajwa.

Mi mwenyewe nimeitwa tena mwezi huu: siku kumi na mbili, upande wa mashamba, malipo kwa karatasi. Nitaenda, ju kodi ya nyumba haingojei. Ila safari hii ninabeba daftari la pili, la kwangu. Kati yenu mwenye kusoma sheria au sosiolojia, anayetaka tulifuate pamoja lile swali la mama wa Musonoi, tutafutane. Bursi hatuna bado. Swali tunalo.