Tobo la Kiua

Kofia ya viua humkalisha mshonaji miezi kadhaa, na kazi yote ni matobo. Kila kiua ni kitobo kilichozungushiwa uzi, na kikipanuka kupita kipimo nguo hulegea, kofia ikaharibika. Nimekulia pembeni mwa mkeka wa bibi yangu, naye akishona hivyo. Ndiyo maana siku niliposimuliwa upasuaji wa matundu kwa wanawake waliochelewa kupata mtoto, nilivikumbuka vidole vyake.

Tundu la kwanza, la sentimita moja hivi, hupita kitovuni kuingiza kamera. Mengine mawili matatu, ya milimita tano, huingiza mkasi na koleo vyembamba kama kalamu. Tumbo hujazwa hewa ya kaboni daioksaidi ili litune, nafasi ipatikane. Daktari haitazami mikono yake, anatazama skrini, na ala zinakwenda kinyume: mkono ukienda kushoto, ncha inakwenda kulia. Nahodha wa ngalawa anaijua hali hiyo, maana kana ikisukumwa kulia, chombo huelekea kushoto. Lakini nahodha ana bahari nzima ya kujisahihisha.

Mrija wa uzazi una urefu wa sentimita kumi hivi, na mwishoni una vijidole laini vya kulipokea yai. Maambukizi ya zamani huacha makovu yanayougandisha na viungo jirani. Kisu cha mpasuo mrefu wa tumbo kinaweza kuyakata, ila jeraha lake lenyewe huweza kuzaa makovu mengine palepale. Kwa hiyo udogo wa tundu si urembo. Ni sehemu ya tiba.

Raoul Palmer, daktari wa Paris, aliitumia darubini ya tumboni miaka ya 1940 kutafuta sababu za ugumba. Patrick Steptoe wa Uingereza akaiendeleza, na kwa darubini hiyo likachukuliwa yai alilotokana nalo Louise Brown, aliyezaliwa tarehe 25 Julai 1978. Ufundi wa aina hii hausomwi kitabuni ukatosha; hupokezanwa mkono kwa mkono. Kwa sababu hiyo nawaheshimu madaktari wa Jiangsu, China, ambao timu zao zimekuwa zikija Zanzibar tangu 1964, na ambao huku Pemba hufanya kazi Hospitali ya Abdulla Mzee, Mkoani, bega kwa bega na madaktari wetu.

Na kazi hii ina uzito wake hapa, ambapo mwanamke huitwa mgumba kabla mumewe hajapimwa. Jina hilo linamuumiza kuliko mkasi wowote.

Makovu yakishakatwa, dawa ya rangi ya buluu husukumwa kupitia mlango wa kizazi kupima kama mrija uko wazi, na chumba kizima hukodolea macho skrini. Iko mirija isiyotoa kitu. Hapo fundi mwaminifu huweka ala chini, na mgonjwa akizinduka humweleza ukweli. Iko na mingine: mrija unatuna kidogo, rangi inapenya taratibu ndani yake, kisha tone la kwanza la buluu linachuruzika kwenye vile vijidole.