Usimamizi si Ufuatiliaji

Mbele yetu ipo rasimu ya mwongozo wa kuendesha programu katika kontena za kompyuta, iliyotafsiriwa kwa matumizi ya ofisi. Mfumo unaoelezwa ni Kubernetes, uliotangazwa na Google mwaka 2014, na jina lake ni neno la Kiyunani lenye maana ya mshika usukani. Juu ya 'kontena' hatuna neno. Bandari zetu zimekwisha kulizoea. 'Kundi la kompyuta' nalo laeleweka.

Shaka yetu yaanzia kwenye 'usambazaji'. Vitabu vikisha kusambazwa shuleni, kazi ya msambazaji imekwisha. Hapa sivyo: mtumiaji hutaja, tuseme, nakala 3 za programu, na moja ikifa mfumo wenyewe huanzisha nyingine badala yake. Watumishi wa serikali wanayo lugha ya jambo hili tangu zamani: mwalimu hupangiwa kituo, na shule ina ikama yake. Twapendekeza 'upangaji', na idadi ya nakala zinazotakiwa iitwe 'ikama'. (Msomaji aliye mwalimu atasema kwamba ikama ya shule yake haijapata kujaa, hilo si kosa la neno.)

Kosa kubwa zaidi ni kuiita 'usimamizi' kazi ya Prometheus, chombo ambacho mara nyingi huandamana na mfumo huo. Msimamizi ana amri. Prometheus hukusanya takwimu kila baada ya muda, huzihifadhi, na huwezesha tahadhari kutolewa. Haianzishi upya kontena hata moja. 'Ufuatiliaji', tuliouzoea katika 'ufuatiliaji na tathmini', watosha.

Tena rasimu imetumia 'uzima' kwa vipimo viwili. Cha kwanza huuliza kama programu ingali hai. Kikishindwa mara kadhaa mfululizo, kontena huanzishwa upya. Cha pili huuliza kama iko tayari kupokea maombi. Kikishindwa, maombi hupelekwa kwa nakala nyingine, na kontena huachwa iendelee. Fundi aliyefundishwa 'uzima' tu aweza kuweka cha kwanza palipotakiwa cha pili, na programu iliyochelewa kujibu kwa sababu tu hifadhidata imeelemewa itauawa na kufufuliwa usiku kucha. Twaomba 'uhai' na 'utayari' vitenganishwe kabla rasimu haijapigwa chapa.