Mteremko Hujengwa Chini ya Marumaru

Marumaru haitengenezi mteremko. Inafuata ule inaoukuta. Fundi anayetegemea kuinamisha sakafu kwa kuzidisha gundi upande mmoja na kuipunguza upande wa pili anaweza kukabidhi kazi ya kupendeza, lakini baada ya muda maji yatatuama nyuma ya choo, na marumaru ukizigonga zitalia utupu. Ndiyo maana katika kazi ya bafu sehemu ninayoitazama kwanza ni ile ambayo mwenye nyumba hataiona tena.

Bafu ninalolichambua liko katika nyumba ya zamani Tabata, Dar es Salaam. Urefu wake ni mita 2.1 na upana mita 1.5, choo na bomba la mvua vikiwa humo humo bila ukuta wa kuvitenga. Sakafu ilikuwa ya saruji iliyopigwa niru. Mlango uko kona moja, na tundu la maji liko kona ya mbali, mshazari na mlango. Mwenye nyumba alitaka marumaru za sentimita 30 kwa 30, zisizong'aa. Alichagua vizuri, maana marumaru laini kwenye sakafu iliyoinama na yenye sabuni ni hatari kwa wazee na watoto.

Fundi alimwaga ndoo ya maji mlangoni, akasubiri, kisha akachora kwa chaki ukingo wa kila dimbwi lililobaki. Baadaye alitumia mpira wa maji kupata mstari wa usawa kuzunguka kuta zote, mita moja juu ya sakafu mlangoni, na kila kipimo kilichofuata kilishushwa kutoka kwenye mstari huo. Ikaonekana kwamba sakafu ya zamani ilishuka milimita 20 tu kwa urefu wote, yaani chini ya milimita 10 kwa kila mita, na kwa upana haikushuka kabisa. Ni haba. Mafundi wa Marekani hushusha robo inchi kwa kila futi, ambayo ni karibu milimita 20 kwa mita. Ukipungua sana kutoka hapo, maji yanaanza kusitasita kwenye viungio vya marumaru.

Uamuzi uliofuata ndio uliobeba kazi nzima. Kwa kuwa tundu lilikuwa kwenye kona, fundi aliamua sakafu yote iwe bapa moja lililoinama pande mbili kwa pamoja: milimita 15 kwa kila mita kwenye urefu, na milimita 10 kwa kila mita kwenye upana. Faida yake ni kubwa. Bapa moja, hata likiinama, halina mkunjo, kwa hiyo marumaru nzima hulala juu yake bila kukatwakatwa. Tundu likiwa katikati ya chumba, sakafu huwa na pembetatu nne zinazokutana kwenye mikunjo, na kila marumaru inayopita juu ya mkunjo lazima ikatwe kwa kuufuata. Asiyekata huacha kona zimechomoza, na vidole vya miguu ndivyo vitakavyolipa. Kwa marumaru za sentimita 60 tatizo hilo ni kubwa zaidi.

Hesabu yake ilikuwa hivi. Kwenye tundu ni sifuri. Mwisho wa ukuta mfupi ni milimita 15. Mwisho wa ukuta mrefu ni milimita 32, kwa kukadiria kidogo. Kona ya mlango lazima iwe jumla ya hizo mbili, milimita 47. Ikizidi au ikipungua, sakafu imejipinda kama mbao mbichi iliyoachwa juani. Fundi alihakikisha kwa nyuzi mbili zilizovutwa kutoka kona hadi kona. Katika chumba cha pembe mraba, nyuzi hizo zikigusana katikati, kona zote nne ziko kwenye bapa moja. Hakuna kifaa cha bei kubwa kinachoshinda ukaguzi huo.

Sasa angalia mlangoni. Ukumbi ulikuwa juu ya sakafu ya zamani ya bafu kwa milimita 50. Kwa mpango mpya, kona ya mlango ingepanda milimita 27, kisha gundi na marumaru zingeongeza milimita 12. Zinabaki milimita 11 za kuzuia maji yasitoke ukumbini. Ndiyo sababu fundi hakumwaga tabaka jipya juu ya lile la zamani, ingawa lingemwokolea jasho. Tabaka jipya jembamba halidumu. Likiwa nene vya kutosha lingemaliza zile milimita 50 zote, na bafu lingekuwa juu kuliko ukumbi. Alibandua niru na lipu yote ya zamani hadi kwenye zege, akafagia, akaosha mafuta na mabaki ya sabuni, na kuinua fremu ya tundu milimita 12 ili kichujio kije kulingana na marumaru.

Tabaka jipya lilikuwa na unene wa milimita 25 kwenye tundu na 72 mlangoni. Mchanganyiko ulikuwa saruji moja kwa mchanga nne, wenye maji kidogo: ukiukamata kiganjani unashikana donge bila kuchuruzika. Zege la chini lililoweshwa, likapakwa uji wa saruji, na mchanganyiko ukamwagwa kabla uji huo haujakauka, maana ukikauka unatenganisha badala ya kuunganisha. Rula ndefu ya alumini ilivutwa juu ya mistari ya mwongozo. Juu palisuguliwa kwa ubao, bila niru, ili gundi ipate mahali pa kung'ata. Magunia mabichi yalikaa juu yake siku 7.

Kisha ikaja dawa ya kuzuia maji, na hapa kuna kosa ninalotamani liishe nchini kwetu. Wengi huipaka kwenye zege lililo sawa, halafu hujenga mteremko juu yake. Grauti haizuii maji, hupunguza tu. Maji yanayopenya yakikuta dawa imelala tambarare hayana pa kwenda. Yanakaa humo na kunuka, yanatoa chumvi nyeupe kwenye viungio na kulowesha ukuta wa chumba cha jirani. Dawa inatakiwa ilale juu ya mteremko, ifike hadi kwenye tundu. Fundi huyu alipaka mikono miwili, wa pili ukikatiza wa kwanza, akaweka kitambaa kwenye kona zote, akapanda ukutani milimita 150, na upande wa bomba la mvua hadi mita 1.8. Ilipokauka aliziba tundu, akajaza maji kidogo na kuyaacha saa 24.

Kubandika kulikwenda haraka. Gundi ilisambazwa kwa mwiko wa meno, unene uleule kila mahali, na mara kwa mara marumaru moja iliinuliwa kuona kama mgongo wote umeshika. Ukutani alianza na mstari wa pili, akiutegemeza kwa mbao iliyopimwa usawa, na mstari wa chini akaukata mshazari kufuata sakafu.

Mwenye nyumba, unapopatana na fundi, tenga malipo ya sakafu ya chini na malipo ya marumaru. Yale ya kwanza yatoe baada ya kuziona nyuzi mbili zikigusana na maji yakikaa saa 24 bila kupungua. Gundi isifunguliwe kabla ya hapo.