Nafasi ya Kusema Sitaki

Kwa asiyeujua, ubao wa mawasiliano ni kitu kidogo tu: kadi ngumu iliyogawanywa miraba, kila mraba na picha yake, yote ikafunikwa plastiki isiharibiwe na mate, jasho na vumbi. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo, anayeelewa yanayosemwa lakini misuli ya kinywa haimtii, hugusa picha na mwenzake akatamka. Ufundi wa kuutengeneza vizuri nauheshimu sana, na kila nikiuchunguza nauona mkubwa zaidi.

Fundi mzuri huanza kwa kusikiliza, kabla hata ya kushika mkasi. Hukaa na familia ajue siku yao inakwendaje na maneno gani hayakosekani. Mbao zilizochapishwa ng'ambo huja na theluji na mkate wa siagi. Mtoto wa Lorugum, magharibi mwa Lodwar katika Turkana, anahitaji mbuzi, ngamia, mkoma, mto Turkwel, bibi yake, na ndugu anayetoka na mifugo asubuhi. Picha nazo hupimwa moja moja. Mfereji unaotiririka hauna maana ya maji kwa mtoto ambaye mama yake huyapata kwa kuchimba mchanga wa lagha, mto uliokauka. Huyo huchorewa shimo, kata na mtungi.

Kisha huja kazi ya kupanga. Fundi hutazama mkono: unaelekea wapi wenyewe, unachoka wapi, kidole kipi kinanyooka. Maneno ya kila saa huwekwa pale mkono unapofika bila kupigana na mwili. "Ndiyo" na "hapana" hazihamishwi kamwe, kwa sababu mkono huzoea mahali, na ukipabadilisha umemnyang'anya mtoto neno alilokwisha kulimiliki. Mkono ukikataa kabisa, macho hutumika. Picha hubandikwa pembeni mwa plastiki inayopitisha mwanga, plastiki ikainuliwa kati ya nyuso mbili, na msikilizaji akafuata mtoto anakotazama. Hapo sehemu ngumu ni ya msikilizaji: kuuliza mara moja, kunyamaza, na kungoja bila kumkamilishia mwenzake sentensi.

Lakini umahiri huonekana zaidi katika maneno yanayochaguliwa. Anayeanza hujaza ubao chakula, maji na choo, mambo yanayomrahisishia kazi mlezi. Fundi aliyekomaa hutenga nafasi ya sitaki, bado, tena, kwa nini, si hivyo, na nina habari. Mtu huongea ili apate maji, na pia ili abishe, atanie, alalamike na kumsengenya jirani. Ubao usio na nafasi ya kukataa humfanya mtoto kuwa mwombaji nyumbani kwao.

Wazo la kusema kwa alama limepitia mikono ya wakimbizi pia. Charles Bliss, Myahudi aliyezaliwa mwaka 1897 Czernowitz, alifungwa katika kambi za Dachau na Buchenwald, akapitia Shanghai na kufika Australia. Mwaka 1949 alichapisha mfumo wa alama aliotumaini ungewapatanisha watu wa lugha mbalimbali. Mwaka 1971, walimu mjini Toronto wakiongozwa na Shirley McNaughton walizitumia kwa watoto wasioweza kusema. Huku Turkana, katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma iliyofunguliwa mwaka 1992, wanaishi Wasudani Kusini, Wasomali, Wakongo na wengine wengi, na picha moja inaweza kusomwa kwa lugha ya kila hema.

Mashine zina nafasi yake, na hizo pia zinataka fundi. Tableti ikiachwa kwenye jua la Turkana hupata joto hadi ikajizima, na kioo chake hakisomeki mchana. Sauti iliyotengenezewa Kiingereza nayo haikiwezi Kiturkana, lugha yenye toni na irabu za mwisho zinazonong'onwa tu mtu anapotua. Ndiyo maana napenda vifaa sahili vya kurekodi: unabonyeza kitufe, sauti ya mtu halisi inatoka. Fundi makini hatarekodi sauti ya mwanamume kwa ajili ya msichana. Atamtafuta msichana wa rika lake, anayezungumza kama wanavyozungumza kwao.

Kilifi, Karen Bunning, Joseph Gona na wenzao walijaribu mawasiliano ya namna hii nyumbani kwa watoto, kwa vifaa vya gharama ndogo, na mwaka 2014 wakachapisha matokeo. Walezi waliona nafuu katika mawasiliano, ila maisha ya watoto nje ya nyumba hayakupanuka vivyo hivyo. Mimi nasoma hapo kwamba kazi ya fundi haiishi kwenye plastiki. Mwenye duka, mwalimu na watoto wa jirani nao wafundishwe kutazama kidole na kusubiri.

Kifungu cha 54 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutumia njia ya mawasiliano inayomfaa, na kupata vifaa vya kumwondolea vikwazo. Haki hiyo itafika Lorugum siku kaunti itakapomlipa fundi kwa saa anazokaa akisikiliza, kama inavyolipia kadi na plastiki. Kwa sababu ubao uliotengenezwa bila kumsikiliza mtoto utazungumza badala yake, na watu wa kuzungumza badala yake tayari anao wa kutosha.