Maiti Anayepunga Mkono

Kila Jumapili mpwa wangu huja kwangu kula chapati na kunitazama nikifa. Tunaketi kwenye kochi moja, yeye na simu yake, mimi na yangu, tunaingia PUBG Mobile kama timu moja. Ana miaka 14. Mimi nililelewa na kibanda cha PS kule mtaani, mbao kwa mechi, mwenye kibanda amesimama nyuma yako akiangalia saa, kwa hivyo nilidhani mambo ya gemu nayajua. Wapi! Dakika tano hivi nimeshapigwa risasi, nimegeuka sanduku, na kijana anapekua mali yangu bila hata kusema pole.

Juzi, baada ya kunirithi hivyo, alinionyesha klipu. "Anko, hii ni ile ya Uchina. Cheki vile wanakufa." Kwenye klipu askari anapigwa risasi. Haanguki. Anapiga goti, anaweka sanduku lake mbele, anapunga mkono kama mtu anayeaga kwenye stendi ya matatu, kisha anatoweka. Tulicheka mpaka chai ikapoa. Halafu akauliza, "Sasa huyu ameenda wapi?"

Sikuwa na jibu, na swali hilo limenikaa kichwani wiki nzima.

Tuanze na jinsi askari huyo alivyojifunza kupunga mkono. Uchina, gemu haiuzwi wala haitozi pesa mpaka ipewe namba ya kibali na idara ya serikali inayosimamia uchapishaji. Tangu 2018 kazi hiyo iko chini ya idara ya propaganda ya chama tawala. Mwaka huo huo utoaji wa vibali ulisimama kwa takriban miezi tisa, kuanzia Machi hadi Desemba. Ukasimama tena Julai 2021 mpaka Aprili 2022. Mwaka 2017 gemu zaidi ya 9,000 zilipata kibali. Mwaka 2021 hazikufika 800.

Kampuni ya Tencent ilikuwa na PUBG Mobile mikononi, watu wengi mno wanaicheza nchini humo, na haiwezi kuwatoza hata senti kwa sababu kibali hakikuja. Mei 2019 ikaifunga. Siku hiyo hiyo ikafungua nyingine, Heping Jingying, ambayo wengi nje ya Uchina huiita Game for Peace. Bunduki ni zile zile, na miamvuli ya kushukia kutoka kwenye ndege ni ile ile. Wachezaji hata waliruhusiwa kuhamisha walichokuwa wamekusanya. Lakini sasa hadithi ilikuwa ya vita dhidi ya ugaidi na heshima kwa jeshi la anga. Damu ilitolewa. Na wafu wakafundishwa adabu.

Hapa ndipo mimi, kama mhakiki, naomba nisimame kidogo. Wengi walioandika kuhusu gemu hii waliishia kucheka, kama sisi kwenye kochi. Lakini ukiitazama kama unavyotazama filamu au riwaya, utaona imefanya jambo la ajabu. Kitendo kimebaki. Bado unalenga, unafyatua, unashangilia. Bado mia mnaingia na mshindi anabaki mmoja, au kikosi kimoja. Kilichoondolewa ni matokeo. Unaua, lakini hakuna aliyekufa.

Na ona mkono ule. Wangetaka kuficha kifo tu, wangemfanya mtu atoweke, puf, basi. Lakini huyu anapiga goti, anakukabidhi mali yake, anakuaga kwa upole. Kwa jinsi ninavyomsoma mimi, aliyepigwa risasi anamwondolea lawama aliyempiga. Hakuna uchungu, hakuna kinyongo, tusameheane ndugu. Sijui mwandishi gani wa riwaya angethubutu kuandika mhusika mwepesi kiasi hicho. Hapa hakuandikwa na mwandishi. Aliandikwa na foleni ya kibali.

Ndiyo maana naona tunakosea tukifikiria udhibiti kama mkasi. Mkasi huacha alama. Ukitazama filamu iliyokatwa, picha inaruka, unajua kuna kitu kilikuwa pale. Kibali hufanya kazi mapema zaidi, kabla kitu hakijatengenezwa, ndani ya kichwa cha anayetengeneza. Desemba 2018 vyombo vya habari vya serikali ya Uchina viliripoti kwamba kamati ya maadili imepitia gemu 20: tisa zikakataliwa, 11 zikaambiwa zirekebishwe. Ripoti haikutaja majina yake. Sasa wewe ni mtengenezaji mdogo umekaa na laptopu yako, hujui waliokataliwa walikosea wapi. Utafanyaje? Utafuta cha kufutwa, kisha utafuta na kile ambacho pengine kisingefutwa.

Msifikiri ni Uchina tu. Ujerumani, ambayo si nchi ya chama kimoja, ilifanya kitu kinachofanana na hiki kwa nia njema kabisa. Sheria ya huko inakataza alama za Manazi, na kwa miaka mingi gemu hazikupewa nafasi iliyopewa filamu, ya kuzionyesha kwa sababu za sanaa au historia. Wolfenstein II ilipotoka 2017, toleo la Ujerumani lilikuwa na Hitler asiye na masharubu, anayeitwa Heiler. Manazi wakaitwa utawala tu. Hata kutajwa kwa Wayahudi kukaondolewa. Fikiria: gemu nzima ni ya kupigana na Manazi, na walioteswa na Manazi hawamo. Malalamiko yakawa mengi, na Agosti 2018 bodi inayopanga gemu kwa umri nchini humo ikabadilisha utaratibu, kila gemu ikaanza kutazamwa kivyake. Kumbe iliwezekana kubadilika.

Sasa najua kuna mzazi anayesoma hapa na kusema, buda, wewe huna mtoto. Kweli, sina. Lakini nina mpwa wa miaka 14 anayefyatua bunduki kwenye kochi langu huku nikimpakulia chapati, na dadangu hajui yote yanayoendelea Jumapili. Sisemi watoto waachwe hivi hivi. Mimi naunga mkono kibandiko cha umri kwenye gemu. Kibandiko kinamwambia mzazi: ndani kuna damu, amua wewe. Kinaheshimu kazi na kinamheshimu mzazi. Kibali kinasema kitu kingine: tumeshaamua, na hutajua tulitoa nini. Na Game for Peace haikumwondolea mtoto bunduki. Ilimwondolea sababu ya kuiogopa bunduki. Kama lengo lilikuwa kumlinda mtoto, hapo naona mahesabu yamekataa.

Sisi hapa tunaijua hali hii. Mwaka 2018 bodi yetu ya filamu ilipiga marufuku filamu ya Wanuri Kahiu, Rafiki, na mwongozaji mwenyewe alieleza kwamba aliombwa abadilishe mwisho wake kwa sababu ulikuwa na matumaini kupita kiasi. Mwisho, jamani! Walichohofia hasa ni picha tutakayobaki nayo tukitoka ukumbini. Mahakama Kuu iliondoa marufuku hiyo kwa siku saba Septemba mwaka huo, na watu wakajazana kwenye sinema za Nairobi kuitazama. Niliwahi kudhani Rafiki na gemu ya Uchina ni mambo mawili tofauti, moja ni la mapenzi na jingine la vita. Sasa naona ni ombi lile lile la kubadilisha mwisho.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Methali hiyo inategemea kitu kimoja, kwamba kilio kitasikika. Mtu ataficha ugonjwa mwaka mzima, lakini siku ya msiba majirani watasikia, watakuja na viti, watauliza alikuwa anaugua nini. Gemu ambayo wafu wake wanaaga kwa kupunga mkono imekifika hicho kitu cha mwisho. Imeficha na kilio. Baada ya hapo sijui ni nini kitakachomfichua mficha maradhi.

Jumapili iliyopita nilijaribu kumweleza kijana haya yote, kwa ufupi, maana uvumilivu wake huisha haraka. Nikamwambia kwamba yule askari amekufa, ila waliotengeneza gemu walihitaji ruhusa ya serikali, na serikali haikutaka aonekane amekufa. Akatafuna, akafikiria.

"Kama ile siku TV zilizima?"

Nilichukua muda kuelewa. Alikuwa anasema Juni 25, 2025. Siku hiyo vijana walirudi barabarani kuwakumbuka waliouawa mwaka mmoja kabla, na Mamlaka ya Mawasiliano ikaagiza vituo visionyeshe maandamano moja kwa moja. Matangazo ya vituo kadhaa yakakatwa hewani. Mahakama Kuu ilisimamisha agizo hilo siku hiyo hiyo, lakini kwa saa kadhaa ulikuwa unabonyeza rimoti na kukuta kioo kitupu, huku barabarani watu wakipigwa risasi. Mpwa wangu alikuwa kwetu na shosho yake, wakibadilisha stesheni, wakimtafuta binamu yetu ambaye alikuwa tao na simu yake haishiki. Alirudi usiku, mzima. Wengine hawakurudi.

"Eeh," nikamjibu. "Kama ile siku."

Akanyamaza. Kisha akaifungua gemu, toleo letu, lile ambalo watu wanaanguka. Dakika ya nne nilipigwa risasi nyuma ya jiwe nililodhani limenificha. Safari hii kabla ya kupekua sanduku langu alisema, "Pole, Anko." Halafu akachukua risasi zote.