Jiwe Lisilohesabiwa Kuwa Madini

Waliotunga Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 walipofika katika ibara ya 244, inayohusu madini, waliona inafaa kueleza ni kitu gani kisichokuwa madini. Wakaandika kwamba udongo wa mfinyanzi, moramu, mchanga, na jiwe lolote ambalo kwa kawaida hutumika katika ujenzi au kazi inayofanana nao, havimo katika hesabu hiyo. Kwa tamko hilo fupi, ambalo msomaji mwenye haraka hulipita pasipo kulitia maanani, dhahabu na shaba zilibaki katika himaya ya dola, na jiwe la msingi wa nyumba likamwangukia mwenye shamba. Kusudi la makala haya ni kuchambua jinsi hukumu hiyo ilivyotenda kazi katika Kampala, na jinsi maafisa wa mipango ya miji walivyojikuta wamebebeshwa mzigo ambao sheria ya madini iliutua njiani.

Asili ya jambo ni kongwe kuliko Katiba. Mapatano ya Buganda ya mwaka 1900, yaliyoigawa ardhi kwa maili za mraba na kuwapa Kabaka (mfalme wa Buganda), machifu na watu wengine wa daraja mashamba ambayo mpaka leo huitwa mailo, yalikubali kwamba hata madini yatakayoonekana ndani ya mashamba hayo ni ya wenyewe, mradi yakichimbwa watoe ushuru wa asilimia 10. Sheria zilizofuata ziliiondoa haki hiyo ya madini, zikaitia mikononi mwa serikali. Lakini jiwe la kawaida, nadhani kwa kuwa hapakuwa na mtu wa ng'ambo aliyelitamani, liliachwa lilipokuwa. Kwa hiyo Katiba haikubuni kitu kipya. Iliukuta urithi huo, ikautia muhuri.

Kilima cha Old Kampala ni mahali pema pa kuyatazamia mambo haya, maana mpaka wa tawala mbili ulipita karibu na miguu yake. Hapo ndipo Mwingereza Kapteni Lugard alipopiga kambi mwezi wa Desemba 1890 na kujenga ngome yake; hapo ndipo ulipoanza mji wa serikali ya Kiingereza, kabla maafisa wake hawajahamia Nakasero na kuwaachia Wahindi wafanya biashara miteremko waliyoijaza maduka na nyumba za ghorofa. (Ngome yenyewe ilikuja kuondolewa ili kuupisha Msikiti wa Taifa, ulioanzwa zama za Idi Amin na kukamilishwa kwa fedha za Libya, mfano wake ukajengwa kando, kilimani pale pale, na huo nao ni namna ya kupanga mji.) Upande mmoja wa kilima palikuwa na ardhi ya serikali, yenye kukodishwa kwa masharti, kupimwa, na kukaguliwa na mabwana afya, upande wa pili palikuwa na Mengo, Kibuga (yaani makao makuu) cha Kabaka, ambako mailo ilitawala na kanuni za mji wa Waingereza hazikufika. Mipango iliyoandikwa kwa ajili ya Kampala, ule wa Profesa Simpson kabla ya vita vya kwanza vya dunia, na ule wa Mirams wa mwaka 1930, lengo lake lilikuwa afya, barabara, na kuyatenga makazi ya kaumu mbalimbali. Mpango wa namna hiyo huweza kuamuru upana wa njia na urefu wa uzio, ilhali jiwe la kujengea njia hiyo linatoka katika shamba ambalo mpangaji hana amri nalo hata kidogo.

Mwaka 1968, miaka michache baada ya uhuru, mipaka ya Kampala ilipanuliwa, ikaumeza Mengo, Kawempe, Nakawa, na sehemu nyingine, Muyenga ikiwa miongoni mwake. Muyenga ni kilima cha mawe, na machimbo yake yakawa ndani ya jiji pamoja na mailo yake. Hapo ndipo tatizo la kitaalamu lilipodhihiri. Kiwanda mpangaji aweza kukihamisha, soko aweza kulihamisha, hata makaburi kwa shida aweza kuyahamisha. Mwamba hauhamishiki, na kwa kuwa kokoto ni nzito na thamani yake ni ndogo, kila maili ya lori huongeza bei kiasi kwamba mchimbaji hutaka kukaa karibu na mjenzi. Hivyo machimbo na nyumba hutafutana. Nyumba zikiisha kuyafikia machimbo, wenye nyumba hulalamikia vumbi na mtikisiko wa baruti, nao wachimbaji hujibu, wala hawasemi uongo, kwamba wao ndio waliotangulia.

Namna kazi inavyofanywa yafaa itazamwe kwa karibu, maana sheria nyingi zimeandikwa kana kwamba kila mchimbaji ana mtambo. Huko Kireka, katika mtaa uitwao Acholi Quarters, ambako watu waliokimbia vita vya kaskazini walipata hifadhi, huwashwa moto wa kuni na matairi makuukuu juu ya mwamba mpaka upate ufa. Kisha wanaume huingiza mitarimbo na kabari, wakabandua mapande. Na wanawake, wakikaa chini ya kivuli cha gunia lililotundikwa juu ya vijiti, huyaponda mapande hayo kwa nyundo ndogo mpaka yawe kokoto, ambayo hupimwa kwa jerikani na kuuzwa kwa wenye malori. Mponda kokoto huyo hamiliki mwamba. Ardhi ina mwenyewe. Kwa mujibu wa Katiba jiwe ni la mwenye ardhi, na jasho ni la mwingine, ambaye hakuna daftari la mpangaji linalomtaja.

Mkono wa kwanza wa serikali uliolifikia jiwe hili ulitoka upande wa mazingira. Sheria ya Mazingira ya mwaka ule ule wa 1995, iliyounda NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, iliyataja machimbo ya mawe na kokoto katika jedwali la kazi ambazo hazina budi kufanyiwa tathmini ya athari kabla hazijaanza. Kilikuwa kifungu kizuri, walakini kilimlenga mwenye uwezo wa kuajiri wataalamu wa kuandika tathmini, na kwa hiyo kikamkamata mkandarasi wa barabara huku kikimpita mwenye nyundo. Tena uzito wake ulikuwa mlangoni, mtu anapoomba kuingia, kuliko siku anapotoka na kuacha shimo. Amri za kurudishia ardhi hali yake zimo katika sheria, lakini amri hutolewa baada ya madhara, na aghalabu aliyepewa amri amekwisha maliza faida. Si kwamba shimo haliwezi kufufuliwa: huko Bamburi, karibu na Mombasa, ambako kampuni ya saruji ilichimba mawe ya chokaa ya matumbawe, René Haller alianza kupanda miti mwaka 1971, mivinje ikashika kwanza palipokuwa pakavu kabisa, na leo shimo lile ni bustani. Ila pale palikuwa na mwenye mali mmoja, machimbo makubwa, na miaka mingi ya kungoja. Kampala ina wenye kipande kipande, na kila mmoja ana mnunuzi wa kiwanja anayemsubiri.

Sheria ya Mipango ya mwaka 2010 ndiyo iliyoleta badiliko kubwa. Ile ya mwaka 1964 ilishika palipotangazwa tu kuwa eneo la mipango. Hii mpya iliitangaza nchi nzima, ikaweka kamati za mipango toka taifa hadi chini, na kumlazimu mwenye ardhi aombe idhini kabla ya kuiendeleza. Yaani mwenye mailo alibakiwa na jiwe, lakini hakubakiwa na hiari ya kulichimba apendapo. Mwaka huo huo Sheria ya Jiji Kuu la Kampala ilikusudia pawe na mamlaka moja ya kupanga Kampala pamoja na Mpigi, Wakiso na Mukono, na kwa maoni yangu hicho ndicho kifungu cha akili kuliko vyote, kwa sababu malori ya mawe huja Kampala kutoka Mukono na Wakiso. Halmashauri ya Mukono hubaki na shimo na barabara iliyochakaa. Jiji hupata ghorofa na kodi yake. Bila mamlaka hiyo kupewa uhai, kila kamati huyahesabu machimbo yaliyo kwake, wala hapana anayejumlisha kiasi cha mawe yanayohitajiwa na jiji na mahali yatakapotoka.

Palikuwa bado na utata wa sheria ya madini yenyewe. Katiba ililipima jiwe kwa jinsi yake. Sheria ya Madini ya mwaka 2003 ililipima kwa matumizi, ikiliita la ujenzi lile ambalo mtu amelichimba katika ardhi yake kwa haja ya nyumba yake au ya kutengeneza njia. Jiwe la biashara, ambalo ndilo karibu lote linaloingia Kampala, likabaki kati. Sheria ya Madini ya mwaka 2022 iliuziba mwanya huo kwa kutumia ruhusa ambayo Katiba imelipa Bunge: sasa vitu vya kujengea vikichimbwa kwa biashara vinahitaji leseni. Lakini leseni hutoka kwa idara ya madini, ya taifa, na idhini ya matumizi ya ardhi hutoka kwa kamati ya mipango ya mahali. Mtu akipata moja na kunyimwa ya pili, mgogoro utarudi pale pale kwa mwenye ardhi, ambaye ana hati ya mailo mkononi na lori mlangoni.