Majina Yasiyo katika Ramani: Kitale, Bungoma na Jukumu la Dola katika Riwaya Tatu za Ken Walibora

Utangulizi

Nchi ya kubuni ni jambo la kawaida katika riwaya ya Kiswahili ya Kenya. Mwandishi huunda taifa, akalipa jina na mtawala, kisha akamwachia msomaji kazi ya kuitambua nchi inayosemwa. Mbinu hii aghalabu huelezwa kwa sababu moja, yaani hofu ya dola. Maelezo hayo ni ya kweli, lakini hayatoshi. Jina la kubuni humkinga mwandishi. Aidha, huamua ni nani atakayeonekana kuwa mkosaji. Makala haya yanalichunguza suala hilo katika riwaya tatu za Ken Walibora (1965–2020), mzaliwa wa Bungoma aliyekulia Trans Nzoia: Siku Njema (1996), Kufa Kuzikana (2003) na Kidagaa Kimemwozea (2012). Hoja inayoshikiliwa ni kwamba majina ya Kufa Kuzikana yanaukanusha ukabila kwa ustadi mkubwa, ilhali yanaisitiri dola. Na kwamba Kidagaa Kimemwozea inaweza kusomwa kama marekebisho ya kasoro hiyo.

Usuli wa kihistoria

Kitale ulikuwa mji wa walowezi, na mashamba ya Trans Nzoia yaliyouzunguka yalilimwa na vibarua wengi waliotoka Bungoma. Uasi wa Dini ya Msambwa, ulioongozwa na Elijah Masinde wa Kimilili, ulitokana kwa kiasi kikubwa na ardhi hiyo. Mwaka 1948 polisi waliwafyatulia risasi wafuasi wake huko Malakisi, na dini yenyewe ikapigwa marufuku. Baada ya uhuru, ardhi ya walowezi iligawanywa na kununuliwa na watu wa jamii mbalimbali, wakawa majirani.

Ujirani huo ndio ulioshambuliwa kuanzia mwisho wa mwaka 1991, wakati ule ule serikali ya Rais Moi iliposhurutishwa kuufuta mfumo wa chama kimoja uliowekwa katika katiba mwaka 1982. Fujo zilizoanzia Nandi mwezi Oktoba zilienea hadi Trans Nzoia na Bungoma. Nyumba zilichomwa, na wakimbizi wakajaa makanisani na vituoni. Shirika la Africa Watch, katika ripoti yake ya 1993, lilikadiria kwamba kote nchini watu wasiopungua 1,500 waliuawa na 300,000 wakahamishwa, likaishutumu serikali kwa kuchochea fujo hizo. Kamati ya Bunge iliyoongozwa na Kennedy Kiliku ilikuwa imekwisha kuwahusisha baadhi ya wakubwa serikalini mwaka 1992. Mwaka 1995 wakazi wengi wa Bungoma walitiwa mbaroni kwa tuhuma za kuwa wafuasi wa jeshi la chinichini lililoitwa FERA. Kwa hiyo swali la nani alichoma nyumba, na kwa amri ya nani, halikuwa swali la kinadharia kwa watu wa sehemu hizi.

Siku Njema: Kitale kwa jina lake

Katika riwaya ya kwanza Kitale unatajwa waziwazi. Kongowea Mswahili anatoka Tanga, baada ya kufiwa na mama yake, kwenda kumtafuta baba yake. Uzito wa riwaya umo katika safari hiyo na katika utambulisho wa mwana asiyejua asili yake. Lakini safari yenyewe ina maana ya kisiasa. Riwaya ilichapishwa miaka michache tu baada ya watu kufukuzwa Trans Nzoia kwa kuitwa wageni. Katika mazingira hayo, kumleta Kitale kijana wa pwani ya Tanzania aitwaye Mswahili, na kumpa haki ya kudai kwao huko, ni kuipinga kimyakimya hoja ya wafukuzaji. Mji ungeweza kutajwa kwa jina kwa sababu kilichosemwa juu ya dola hakikuwa shtaka.

Kufa Kuzikana: mti mmoja, majina mawili

Shtaka linapokaribia, jina la mji linatoweka. Kufa Kuzikana inatupeleka Kiwachema na Korosho, mahali pasipokuwa katika ramani yoyote, na kutusimulia urafiki wa Akida na Tim, vijana wa jamii mbili zinazohasimiana, Wakanju na Wakorosho. Hapana budi majina haya yasomwe kwa makini. Mkanju na mkorosho ni mti mmoja. Kanju ndilo bibo, korosho ni mbegu yake, navyo hukua vikiwa vimeshikana. Mwandishi angeweza kubuni majina mawili yoyote, amechagua visawe. Jazanda hii inatangaza, kabla ya tukio lolote, kwamba tofauti inayowaua watu hawa ni tofauti ya maneno.

Anwani nayo inaimarisha dhamira hiyo. Marafiki wa kufa kuzikana ni wale ambao hata kifo hakiwatenganishi na wajibu. Kauli ya kutendana inataka watendaji wawili, na maziko humwacha mmoja tu. Maana yake ni kwamba kila mmoja amemwahidi mwenzake, na hakuna ajuaye atakayetangulia. Katika mashamba ya Trans Nzoia na Bungoma, kuzikana ulikuwa wajibu halisi wa ujirani. Aliyekimbia usiku hakuweza kuutimiza.

Hata hivyo, nguvu ya jazanda hii ndiyo udhaifu wake. Majina mawili yaliyo sawa hujenga pande mbili zilizo sawa. Hata pale viongozi wanapoguswa, muundo wa majina humwelekeza msomaji kwenye uhasama wa jamii na jamii, na tiba inayopendekezwa ni urafiki. Lakini urafiki ni tiba ya chuki, nao hauponyi amri. Ikiwa mkanju na mkorosho ni mti mmoja, basi swali linalobaki ni la aliyeutia moto. Lugha rasmi ya miaka ile iliyaita mauaji hayo mapigano ya kikabila, na istilahi hiyo iliifaa serikali, kwa kuwa ilimfanya mshitakiwa aonekane msuluhishi. Riwaya inaukataa ukabila, lakini inaibakiza sarufi yake.

Huenda ikadaiwa kwamba mwandishi hakuwa na hiari. Alamin Mazrui aliwekwa kizuizini mwaka 1982, mwaka mmoja baada ya kutoka kwa tamthilia yake Kilio cha Haki. Lakini Kufa Kuzikana ilitoka mwaka 2003, Moi akiwa amekwisha kuondoka madarakani Desemba 2002, na ripoti ya Tume ya Akiwumi kuhusu fujo hizo ikiwa imetolewa hadharani miezi michache kabla ya hapo. Hofu hudumu kuliko mtawala, na muswada huandikwa kabla ya kuchapishwa. Lakini kinga isiyohitajika tena huweza kubaki kama mazoea ya kifani.

Kidagaa Kimemwozea: jina la cheo

Katika Kidagaa Kimemwozea nchi ni ya kubuni bado, yaani Tomoko. Kilichobadilika ni aina ya majina. Mkosaji si kabila. Ni Mtemi Nasaba Bora, mwenye cheo, na jina lake ni kejeli tupu. Ananyakua ardhi kwa hati za uongo. Amani na Imani wanatiwa ndani kwa kosa wasilolitenda, na Yusuf, ami yake Amani, amefungwa kwa mauaji yasiyo yake. Hapa ardhi haipotei kwa sababu jirani amechukia. Inapotea kwa sababu ofisi, karatasi na gereza vimo mikononi mwa mtu mmoja. Msomaji wa Trans Nzoia haoni jina la mji wake popote, lakini anaiona njia aliyodhulumiwa kwayo.

Hitimisho

Kinyago cha kubuni hakipimwi kwa unene wake. Kinapimwa kwa kile kinachobaki kikionekana baada ya kukivaa. Kufa Kuzikana iliwaonyesha wahanga kuwa ndugu. Kidagaa Kimemwozea ikaonyesha mkono wa dola. Lakini hata Nasaba Bora anajiua kabla ya kujibu mashtaka. Hapo riwaya inafanana mno na historia ya Kenya, ambako ripoti zilitaja wakubwa na mahakama hazikuwahukumu.